Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo chetu: tunaomba ile mashine ya nyuzi itoke stoo

Dodoma

Kwa Mkuu wa Chuo, Naibu Mkuu wa Chuo Taaluma, na Mwenyekiti wa Kamati ya Manunuzi

YAH: KUOMBA MASHINE YA KUSOKOTA NYUZI NANO ITOLEWE STOO IANZE KAZI

Waheshimiwa wakubwa zangu, shikamooni. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, mnanifahamu, mwaka wa kumi na sita huu nipo kwenye jengo lilelile. Sijazoea kuandika mambo ya kazini hadharani na kwakweli sikupenda tufike huku, lakini nimeandika memo tatu, mbili zina muhuri wa masijala kwamba zimepokelewa, nimeongea kwenye kikao cha idara, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi toka saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana nikaambiwa mkubwa yupo kikaoni njoo wiki ijayo, na wiki iliyofuata nikaenda. Jibu ni lilelile la mdomo, subirini. Kwenye karatasi hakuna kitu. Sasa mashine imetimiza miezi kumi na moja ndani ya kasha lake la mbao na mwezi ujao waranti inakatika, ndo maana naandika hapa kila mtu asome.

Naomba kwanza niwaeleze wasomaji ambao hawajui tunaongelea kitu gani, maana hata pale chuoni wapo wanaodhani ni cherehani. Ni mashine ya kusokota kwa umeme nyuzi nyembamba mno, na tunaitaka kwa utafiti wa tiba ya vidonda.

Ndani ya mwili wako seli hazielei tu zenyewe. Zimeshikiliwa na wavu wa nyuzi nyembamba mno, nyingi zake za protini inayoitwa kolajeni, na unene wa hizo nyuzi ni kama nanomita 50 mpaka 500 hivi, nanomita moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Unywele wa kichwani una kama nanomita 80,000, kwahiyo hapo unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Mtu akiungua moto ukashuka mpaka ukala ule wavu, seli za pembeni ya kidonda zinakosa pa kukanyaga, mwili unakimbilia kuziba kwa kovu, na kovu likishakomaa linavuta, linakunja kidole, linakunja kiwiko, linavuta shingo mpaka kidevu kinagusa kifua. Sasa ukipita Mtumba au Ihumwa huku kunakojengwa kila siku utaona mafundi wamefunga mirunda, wanapanda juu yake wanajenga, wakimaliza plasta mirunda inashushwa. Kiunzi cha nyuzi nano ni mirunda ya seli. Unasokota utando wa nyuzi zinazolingana na zile za mwilini, seli zinaukanyaga, zinagawanyika, zinatengeneza kolajeni yake zenyewe, na mirunda hii hamna haja ya kuishusha, inavunjika yenyewe taratibu. Nyuzi zenyewe ni za polima, yaani kitu kama plastiki chenye minyororo mirefu ya molekuli. Ile aina inayoitwa PLGA inaweza kuisha kwa wiki kadhaa au miezi kutegemea imechanganywaje, na PCL inakwenda miaka miwili au zaidi.

Na mashine yenyewe sio kitu cha kutisha. Unayeyusha hiyo polima ndani ya kimiminika, ndo kiyeyushi chenyewe, unaivuta kwenye sirinji, pampu inaisukuma polepole, kama mililita moja kwa saa, na sindano inapewa umeme wa volti elfu kumi mpaka elfu thelathini hivi. Tone linalotokeza kwenye ncha linavutwa na umeme linachongoka kama pia ya watoto, wenyewe wanaita koni ya Taylor kwa sababu ya Geoffrey Taylor, Mwingereza aliyeipigia hesabu mwaka 1964, halafu kwenye ncha ya hiyo koni unachomoka uzi, unachapa hewani kama mjeledi, kiyeyushi kinakauka njiani, na kinachotua kwenye foili upande wa pili ni uzi mkavu mwembamba kuliko wa buibui. Ukiacha saa kadhaa unabandua utando mweupe laini. Nimeubandua kwa mikono yangu, wakubwa zangu, kwenye ile kozi ya wiki mbili ambayo nyie wenyewe mlinilipia nauli na posho. Nilirudi na cheti na daftari limejaa. Daftari hilo mpaka leo sijalitumia hata ukurasa mmoja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mashine imezuiwa mpaka izinduliwe. Tuliambiwa kwa mdomo kwamba kasha lisifunguliwe mpaka mgeni rasmi apatikane, aje akate utepe. Tarehe imeshapangwa mara nne, mara nne imeahirishwa, mara ya tatu mpaka turubai na viti vilishakodiwa. Nawaheshimu viongozi wetu na najua shughuli kama hiyo inaweza kuleta wafadhili, silipingi hilo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba hakuna sheria ya chuo, na nimeitafuta, inayosema kifaa cha kufundishia kisifundishie mpaka kizinduliwe. Mgeni akija akakuta kasha ataondoka ameona kasha, lakini akikuta mwanafunzi anabandua utando aliousokota asubuhi hiyohiyo, akamuuliza huu ni wa nini na yule kijana akamjibu kwa kujiamini, hapo ndo atakuwa ameona pesa ya serikali imekwenda wapi.

2. Waranti. Kwenye mkataba wa manunuzi waranti ni ya mwaka mmoja na inahesabiwa toka siku ya kupokea mzigo, sio siku ya kuwasha. Ndani ya huo mwaka muuzaji anatakiwa alete injinia wa kufunga mashine na kuwafundisha watu wawili bila malipo. Injinia ameulizia kwa barua pepe mara mbili aje lini, barua pepe nilitumiwa nakala, na sijaona jibu letu. Ikipita huo mwezi na tukifungua tukakuta pampu haisukumi au kile chanzo cha volti kubwa kimekufa, tutamlipa nani na kwa kifungu gani? Hili moja tu lilitosha kunifanya niandike.

3. Vitu vinaharibika. PLGA ilikuja na vipoza kwenye boksi, imeandikwa wazi ikae kwenye baridi na ukavu, maana unyevu ndo unaoivunja. Ikakaa stoo ya mabati. Mnajua wenyewe stoo ile mwezi wa kumi saa nane mchana inakuwaje, mlinzi mwenyewe hakai ndani. Polima ikishavunjika ile minyororo yake inakuwa mifupi, ukiiyeyusha inakuwa nyepesi kama maji, na ukiisokota hupati uzi, unapata vitone vitone kama shanga. PCL ni ngumu kidogo kuliko hiyo na nina imani bado iko salama, ila sina uhakika na mipira ya sirinji wala nyaya, na panya tunao.

4. Wanafunzi. Watatu wa shahada ya uzamili waliandika mapendekezo ya utafiti wakitegemea mashine hii, kwa sababu chuo kilitangaza kwenye kipeperushi kwamba ipo. Wote watatu wamebadilisha mada. Mmoja ni binti wa Manyoni, alitaka kuweka asali ya kwao ndani ya nyuzi za gelatini aone kama utando utazuia bakteria wa kidonda, wazo safi kabisa, asali kwenye kidonda bibi zetu wanaijua na maabara kadhaa duniani zimeshajaribu kuisokota kwenye nyuzi, yeye alitaka kujua ya nyuki wa Itigi inafanyaje. Alisubiri mihula miwili. Mwishoni akaambiwa muda wa usajili unaisha, akafanya utafiti wa hojaji, kuwauliza watu maoni yao. Amehitimu, nampongeza. Lile wazo lake limebaki kwenye daftari lake kama ambavyo langu limebaki kwenye langu.

5. Hili la tano sio la ofisini ila ndo linaloninyima usingizi. Mtoto wa dada yangu, Kongwa, alikuwa na miaka minne alipomwagikiwa na sufuria la uji wa uwele. Mafiga yako chini, mtoto anakimbiza kifaranga, mnajua nyumba zetu zilivyo. Ulimwagikia mkono wa kulia na ubavu. Wauguzi na madaktari waliomhudumia walifanya kila walichoweza na mpaka leo nawashukuru. Walimchuna ngozi ya paja wakambandika kwenye mkono, ndo tiba yenyewe hiyo, lakini mtu asiyewahi kuona hajui kwamba pale ulipochuna nako panakuwa kidonda, kwahiyo mtoto aliyekuja na kidonda kimoja anakuwa na viwili, na usiku alikuwa analilia paja kuliko mkono. Ngozi ya kuchuna ina mwisho, mtoto mdogo aliyeungua eneo kubwa unakosa pa kuchuna. Nilikaa nae wodini siku kumi na tisa nikipokezana na mama yake. Sasa hivi yupo darasa la tatu, vidole viwili vimekunjamana, kalamu anaishika katikati ya vidole vya pembeni, anaandika polepole sana na mwalimu wake anamvumilia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 180,000 wanakufa kila mwaka kwa kuungua, na wengi mno ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Sisemi mashine ya stoo ingemponya mtoto wetu. Nataka nieleweke hapo. Nyuzi hizi bado zina shida zake, utando ukiwa mnene matundu yanakuwa madogo mno seli hazizami ndani, zinabaki juu juu, na tishu nene haiishi bila mishipa ya damu maana seli haitakiwi kuwa mbali na kapilari, vile vimishipa vidogo kabisa vya damu, zaidi ya maikromita 100 au 200 hivi, na maikromita moja ni nanomita elfu moja. Watu wanahangaika na hayo mambo duniani kote. Ninachosema ni kwamba kuhangaika kwenyewe sisi hatujaanza, na wanaoungua ni wa kwetu.

Sasa najua majibu yatakayokuja maana nimeshayasikia kwenye korido.

Kuna anayesema umeme unakatika. Ni kweli unakatika, japo sio kama zamani, Bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115 limejengwa kwa pesa zetu hizihizi na hali sio ile ya kuwasha mishumaa. Mashine hii inakula umeme kidogo, UPS, ile betri ya akiba, ya kawaida ya kompyuta mbili inaibeba mpaka jenereta liwake, na umeme ukikatika katikati hasara yake ni utando mmoja, unaanza upya.

Kuna anayesema hatuna bajeti ya kemikali. Hapa naomba tupige hesabu pamoja. Ukitengeneza mililita kumi za PCL ya asilimia kumi unatumia gramu moja. Moja. Kwa mwendo wa mililita moja kwa saa hiyo gramu inakufundishia wanafunzi siku nzima ya saa kumi. Na PCL inayeyuka hata kwenye asidi ya asetiki, ambayo ndo ile inayoipa siki ukali wake, sio lazima tuanze na klorofomu tukaumizana mapafu. Gelatini tunaweza kuipata kwa ngozi za ng'ombe, na Kongwa, Chamwino, Manyoni huko ng'ombe ndo maisha ya watu. Kitosani, nayo ni polima ya kusokota, inatoka kwenye maganda ya kamba wa baharini ambayo Pwani yanatupwa. Brazil wamechukua ngozi ya sato wakaanza kufunika nayo majeraha ya moto hospitalini, ngozi ya samaki ambayo ilikuwa inakwenda jalalani, na sisi sato tunamjua kwa kumkaanga.

Usalama nao umetajwa, volti elfu ishirini sio mchezo. Nakubaliana kabisa, ndo maana mashine ina kabati lenye swichi, ukifungua mlango umeme unakata, na mkondo wake ni mdogo sana, japo hata hivyo hatutauzoea. Mimi nitasimamia. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni mvuke wa viyeyushi, na hilo kabati la kuvuta hewa chafu lipo chumba cha pili linatumika kuhifadhia mafaili ya mitihani ya zamani. Mafaili yahamishwe.

Mkubwa mmoja, na aliniambia kwa nia njema, alinikumbusha habari za Paolo Macchiarini. Alifanya vizuri kunikumbusha na mimi nawafundisha wanafunzi habari hiyo kila mwaka. Yule daktari mpasuaji wa Kiitaliano mwaka 2011 kule hospitali ya Karolinska, Sweden, alimwekea kijana wa Eritrea aliyekuwa anasoma Iceland bomba la pumzi la plastiki lililopandwa seli za kijana mwenyewe, ikatangazwa dunia nzima kuwa ni muujiza, na Januari 2014 yule kijana akafariki. Jarida la Lancet lilikuja kufuta makala zake mbili mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Kijana wa Kiafrika alikwenda kusoma akarudi kwao kwa jina tu. Lakini shida haikuwa kwamba watu walijifunza mno, shida ilikuwa mtu aliruka akaenda kwa binadamu bila majaribio ya kutosha kwa wanyama, na waliokuwa wanauliza maswali hawakusikilizwa. Sisi hatuombi kumbandika mtu chochote. Tunaomba kusokota, kupima, kujaribu kwenye seli za maabara, na kabla mgonjwa yeyote hajaguswa kuna kamati za maadili, kuna NIMR ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kuna TMDA ya kudhibiti dawa na vifaa tiba, na hizo ngazi zote tutazipanda bila njia ya mkato. Kitakachotulinda na mambo kama yale ni vijana wanaoijua hii kazi kwa mikono, wanaoweza kusimama wakasema hapana hapa bado.

Na lile la kwamba huu ni utaalamu wa wazungu, wa baadae sana. Hataza, yaani hati za kumlinda mvumbuzi, za kusokota nyuzi kwa umeme zilitolewa Marekani mwaka 1902, wakati huo hata reli ya kati haijafika hapa Dodoma. Ikalala miaka mingi, ikaja kuamshwa miaka ya 1990 na kina Darrell Reneker kule chuo kikuu cha Akron, Ohio, ambao hawakuwa na chochote cha ajabu zaidi ya sirinji, umeme na kuruhusiwa. Halafu kuna jambo ambalo sijasikia mtu akilisema, hali ya hewa yetu. Unyevu mwingi hewani unaharibu sura ya hizi nyuzi, zinatoboka vitundu, na maabara za sehemu za joto na unyevu zinahangaika kukausha hewa. Dodoma toka mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja hewa ni kavu yenyewe. Shida yetu itakuwa sindano kuziba haraka na vumbi, vyote vina dawa. Nimekaa nikiliwaza hili nikiwa pale stoo naangalia lile kasha, kwamba tuna kitu ambacho wengine wanakinunua.

Hadubini ya elektroni hatuna, kweli. Nyuzi za chini ya nanomita 200 hadubini ya kawaida haizioni sawasawa. Ila za nanomita 700, 800 zinaonekana kama mistari na zile shanga unaziona vizuri tu, inatosha kujua umesokota au umeharibu. Zile nzuri tutaziomba zipigwe picha kwa wenzetu wenye hiyo hadubini, utando unaingia kwenye bahasha na kilo yake haifiki hata ya barua hii.

Tunachoomba, wakubwa zangu. Kasha lifunguliwe ndani ya siku kumi na nne kuanzia leo, mbele ya mkaguzi wa ndani na mtu wa manunuzi, kila kitu kihesabiwe. Injinia wa muuzaji aandikiwe siku hiyohiyo aje kabla waranti haijakatika, na kama haitawezekana muuzaji aombwe kwa maandishi aongeze muda. Hiyo PLGA ihamishiwe kwenye jokofu la maabara leo, sio kesho, hii haihitaji kikao. Chumba cha pili kitolewe mafaili. Na uzinduzi ubaki palepale, mgeni rasmi akipatikana aje, tutamkaribisha kwa mikono miwili mashine ikiwa inafanya kazi. Mwisho naomba jibu la maandishi, hata kama ni hapana, lenye sababu na sahihi, ili mwanafunzi atakayeniuliza muhula ujao nimuonyeshe karatasi.

Nakala ya barua hii nimeipeleka masijala asubuhi hii na imegongwa muhuri. Kama nimekosea utaratibu kuandika hadharani nipo tayari kuitwa na kuhojiwa, jina langu na namba yangu ya faili mnavyo. Funguo za akiba za stoo ziko kwa mlinzi wa geti la nyuma, nyundo na bisibisi ninazo, na mimi nipo maabara kila siku kuanzia saa moja na nusu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi Sanifu Maabara
Dodoma